BAKTERIA NI WA KWELI, KOPO LILIKUWA LA UONGO

Mazungumzo ya Kamati ya Afya katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi chetu



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Tulianza akina mama wachache chini ya mparachichi, tukiwa na daftari moja na sanduku la kufuli tatu, na watu wakasema hatutamaliza mwaka. Leo tupo, na sanduku lipo. Hongereni sana. (Makofi)

Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa kazi ya kuzungumzia ugonjwa wa sukari. Mweka Hazina alipopitia daftari la mfuko wa jamii aliona kwamba zamani fedha nyingi zilikwenda kwenye misiba na uzazi, lakini miaka hii ya karibuni zinakwenda zaidi kwenye sukari na presha. Kwa hiyo jambo hili si la hospitali peke yake. Ni la sanduku letu pia.

Tungeweza kusema, "Punguzeni sukari, punguzeni mafuta, tembeeni," kisha tukakaa. Hayo mmeshayasikia. Leo tunapenda kuwaeleza habari ya kijidudu mmoja mdogo sana anayeishi tumboni mwetu, kwa sababu jina lake lilitumiwa kututapeli, na mwenzetu akaumia. Kosa halikuwa la kijidudu. Lilikuwa letu.

KOPO TULILOLIPIGIA MAKOFI

Wengi mnakumbuka. Miaka mitatu iliyopita alikuja mgeni kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, kavaa vizuri, anaongea vizuri, ana makopo ya unga kwenye mfuko. Alitueleza kwamba tumboni mwa mtu kuna bakteria wabaya na bakteria wazuri. Kwamba mwenye sukari na mwenye kitambi wamepungukiwa na bakteria mzuri. Na kwamba bakteria huyo yumo ndani ya kopo, yuko hai. Eti ukinywa miezi mitatu, sukari kwisha, dawa za kliniki unaziweka kando. Bei ya kopo moja ilikaribia hisa za mwanachama za miezi miwili. Tena akaomba kikundi kitoe fedha za sanduku, tuchukue makopo kwa jumla, tuyauze, tugawane faida.

Tusifichane, jamani. Tulimpigia makofi, na sisi wa kamati tulikuwa wa kwanza. Fedha za sanduku hazikutoka kwa sababu tu mshika ufunguo mmoja alikuwa msibani. Lakini wapo walionunua siku ileile kwa fedha zao.

Mwenzetu mmoja, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kumtaja, alikuwa na miaka sita akitumia vidonge vya metformini. Alinunua kopo, akaacha vidonge. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Kiu ikarudi, kukojoa usiku kukarudi. Alipompigia muuzaji simu aliambiwa ni sumu inatoka mwilini, avumilie. Kisha kikatokea kidonda mguuni, hakisikii dawa. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa juu sana, na alirudi nyumbani amekatwa vidole viwili vya mguu. Mfuko wa jamii ulisaidia nauli na gharama. Muuzaji hatukumwona tena, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Baada ya hapo tukafanya kosa la pili. Kwa hasira tulisema habari yote ya bakteria ni uongo mtupu. Binti wa mwenzetu mmoja, anayesomea lishe chuoni, ndiye aliyetukalisha akatuambia, "Mama zangu, bakteria ni wa kweli. Kopo ndilo la uongo." Tangu hapo amekuwa akisoma na kutufafanulia, naye muuguzi wa kliniki ya sukari akitusahihisha. Haya tunayosema leo tumeyapata kwao.

KIJIDUDU MWENYEWE NI NANI

Ndani ya utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasiohesabika. Wengi hawana ubaya, na wanatusaidia kumeng'enya vile vyakula ambavyo tumbo letu peke yake haliviwezi. Mmoja wao anaitwa Akkermansia muciniphila. Jina gumu, lakini lina maana. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa Antoon Akkermans, mtaalamu wa vijidudu wa Uholanzi. Sehemu ya pili maana yake ni "mpenda ute". Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na Muriel Derrien, Willem de Vos na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wageningen, hukohuko Uholanzi, ambao walimpata kwenye kinyesi cha binadamu. Ndiyo, kinyesi, msicheke. (Vicheko) Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 4 ya bakteria wote wa utumbo.

Anaitwa mpenda ute kwa sababu ute ndio chakula chake. Ukuta wa utumbo kwa ndani umefunikwa na ute unaoteleza, kama mlenda. Ute huo ni uzio: unawaweka bakteria upande wao na nyama ya utumbo upande wake. Akkermansia anaishi kwenye uzio huo, na anaula. Hapo mtu atauliza: anayekula uzio wa nyumba yako atakuwaje rafiki?

Sisi watu wa vikundi tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Fikirini mwanachama anayekopa na kurejesha. Anachukua kwenye sanduku, anafanya biashara yake, anarudisha pamoja na riba, na sanduku linakua. Ndivyo afanyavyo Akkermansia. Anakula ute uliopo, na katika kuula anatoa asidi fulani ambazo chembe hai za utumbo na bakteria wengine huzitumia, na utumbo nao unachochewa kutengeneza ute mpya. Akiwepo mwanachama wa namna hiyo, na mambo mengine yakiwa sawa, uzio unakuwa mnene.

UZIO NA SUKARI

Sasa uzio huu unahusianaje na sukari? Uzio ukiwa mwembamba, vipande vya bakteria hupenya kidogo kidogo na kuingia kwenye damu. Haviwi vingi vya kumlaza mtu kwa homa, lakini mwili unaviona ni adui na unakaa katika mapambano siku zote. Ni kama moto wa pumba: huoni mwali, lakini chini kwa chini panaungua. Mwili ulio katika hali hiyo huanza kuwa sugu kwa insulini. Tukumbushane kwamba insulini inatoka kwenye kongosho, na ndiyo ufunguo unaoiruhusu sukari kutoka kwenye damu kuingia mwilini kufanya kazi. Kufuli likiwa gumu, sukari inabaki kwenye damu.

Hii siyo sababu pekee ya ugonjwa. Upo urithi, upo unene, upo umri, kuna kukaa bila kutembea. Lakini ni mojawapo ya njia ambazo wataalamu wamezifuatilia sana.

Mwaka 2013 Amandine Everard, Patrice Cani na wenzao wa Chuo Kikuu cha Louvain, nchini Ubelgiji, walichapisha majaribio yao ya panya. Panya wanene na wenye sukari walikuwa na Akkermansia wachache. Walipopewa bakteria huyu akiwa hai, ute uliongezeka unene, mafuta ya mwili yakapungua, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Walipopewa aliyeuawa kwa moto mkali, hakikutokea kitu.

Mwaka 2017 wakaeleza jambo la kushangaza. Bakteria huyu akipashwa moto wa nyuzi 70 kwa dakika 30, yaani kupashwa bila kuchemshwa, haishi tena, lakini anafanya kazi hata kuliko aliye hai. Sababu mojawapo ni protini iliyopo kwenye utando wake wa nje, ambayo joto hilo haliiharibu.

Ndipo wakaja kwa watu. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya watu 32 waliomaliza jaribio la miezi mitatu. Wote walikuwa na uzito mkubwa na miili iliyoanza kuwa sugu kwa insulini. Baadhi walipewa bakteria hai, baadhi aliyepashwa moto, wengine kitu kisicho na dawa. Waliopewa aliyepashwa moto, wakilinganishwa na wale wasiopewa kitu, miili yao iliipokea insulini vizuri zaidi kwa karibu asilimia 29, na kolesteroli ilikuwa chini kwa karibu asilimia 9. Uzito ulipungua kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuthibitisha kwamba ni kazi ya bakteria. Hakuna aliyedhurika.

Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya China, ya watu 58 wanene wenye ugonjwa wa sukari wenyewe. Tukichukua watu wote kwa pamoja, waliopewa bakteria hawakuwazidi wenzao ambao hawakupewa. Walipotazama kwa makundi wakaona kwamba waliofaidika ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na Akkermansia wachache. Waliokuwa nao wa kutosha, hata walipoongezewa, hakukaa. Ni kama kumkopesha mtu ambaye hana shida ya mkopo.

MANENO YALIYOTUPONZA

Tumewasomea haya yote, ndugu wanachama, ili mlinganishe na maneno ya muuzaji.

Kwanza, alisema bakteria anaponya sukari. Majaribio tuliyoyataja hayakuonyesha hivyo. Yalionyesha nafuu, kwa watu wachache, kwa baadhi yao. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliruhusu Akkermansia aliyepashwa moto auzwe, lakini kama chakula, si kama dawa ya sukari. Tena uliruhusu kwa watu wazima tu, na ukawatoa wajawazito na wanaonyonyesha. Sisi tuliuziwa bila hata kuulizwa nani ana mimba.

Pili, alisema yuko hai. Akkermansia ni bakteria wa mahali pasipo na hewa. Oksijeni ni adui yake. Kumtunza akiwa hai ni kazi ya maabara. Makopo yale yalikuwa yakizungushwa juani kwenye mfuko wa rambo.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma zaidi, alisema dawa za kliniki ziwekwe kando. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini walieleza kwamba panya waliolishwa mafuta mengi, walipopewa metformini, waliongezeka Akkermansia tumboni. Mwaka 2017 watafiti wa Colombia walikuta wagonjwa wa sukari wanaotumia metformini wana Akkermansia wengi zaidi. Mmesikia hapo? Mwenzetu aliacha kidonge ambacho huenda kilikuwa kinamwongeza bakteria mwenyewe, ili anunue kopo la bakteria. Tulipomsomea habari hiyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Semeni siku ya sherehe. Semeni wote wasikie."

Uongo mtupu ni rahisi kuukataa. Uongo uliopandishwa mgongoni mwa jambo la kweli ndio mgumu, na ndio uliotushinda.

TUSILE MTAJI

Basi, kama hatununui kopo, tufanye nini?

Tumesema Akkermansia ni mkopaji mwema. Lakini kila mkopaji ana hali yake. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Luxembourg, akiwemo Mahesh Desai na Eric Martens wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichukua panya wasio na vijidudu vyovyote wakawapandikiza aina 14 za bakteria wa binadamu, Akkermansia akiwemo. Walipowalisha chakula chenye nyuzinyuzi, bakteria walikula nyuzinyuzi na uzio ulibaki salama. Walipowanyima nyuzinyuzi, bakteria walao ute wakaongezeka, wakageukia uzio. Ute ukawa mwembamba, na vijidudu vya ugonjwa vilipoletwa vikapenya kwa urahisi.

Bakteria ni walewale. Kilichobadilika ni kilichowekwa kwenye sahani. Tunaijua hali hiyo hapa kikundini. Mwanamke yuleyule, biashara ikiwa inazunguka, anarejesha mkopo bila kukumbushwa. Watoto wakilala njaa, atakula mtaji. Si kwamba amekuwa mbaya. Hana kitu kingine cha kula.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuwapa bakteria wetu chakula. Nyuzinyuzi zimo kwenye maharage, kunde na choroko. Kwenye ulezi, mtama na unga wa dona. Kwenye mboga za majani, bamia, vitunguu, vitunguu saumu, na matunda yanayoliwa na nyama yake badala ya kukamuliwa juisi. Wale wataalamu wa Ubelgiji walipowapa panya aina moja ya nyuzi inayopatikana pia kwenye vitunguu, Akkermansia waliongezeka. Vitunguu, akina mama! Vipo bustanini.

Na hapa kwetu Kilimanjaro tuna ushahidi wa jirani kabisa, ingawa haukuwa wa bakteria huyu peke yake. Mwaka 2025 wataalamu wa KCMC ya hapa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha utafiti wa wanaume 77 wenye afya kutoka vijijini na mjini. Waliozoea vyakula vya asili walipewa kwa wiki mbili vyakula vya mtindo wa Kizungu, vya kiwandani na vya kukaanga. Wengine walitolewa kwenye vyakula hivyo wakarudishwa kwenye vya asili. Damu ikapimwa. Kwa waliokwenda kwenye vyakula vya kiwandani, alama za ule moto wa pumba zilipanda, na kinga yao ikawa dhaifu kupambana na vijidudu. Kwa waliorudi kwenye vya asili, alama za moto zilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu! Na sisi kwa miaka saba tulikuwa tukifungua mkutano kwa soda na mkate mweupe, halafu tunachangishana kwa ajili ya mgonjwa wa sukari. Maharage tuliyaona chakula cha shida, kiburu tukakiona cha wazee, na mgeni wa heshima tukamwekea chipsi.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Wengine walipewa mbege katika utafiti ule, lakini hatusemi mbege ni dawa. Pombe na vidonge vya sukari havipatani, na wapo kati yetu ambao imani zao haziwaruhusu. Pia ndizi na ugali wa dona bado ni wanga. Mwenye sukari afuate kipimo alichoambiwa kliniki. Na asiyezoea maharage aanze kidogo kidogo, maana tumbo litajaa gesi, na jirani naye atajua. (Vicheko) Tena tusinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa kukisia, kwa sababu dawa hizo haziulizi nani mwema na nani mbaya. Tuzinywe tunapoandikiwa, na tuzimalize.

TULIYOKUBALIANA

Tunamalizia kwa kuwakumbusha mambo manne ambayo mkutano umeshayapitisha, na yameandikwa kwenye katiba ya kikundi.

1. Kwenye mikutano yetu hakuna soda. Ni uji wa ulezi usio na sukari, maji, na matunda ya msimu.

2. Muuzaji yeyote wa dawa au virutubisho hapewi nafasi ya kusema kabla muuguzi wa kliniki hajaona bidhaa yake. Fedha za sanduku hazinunui dawa za kuuza.

3. Mwanachama anayetumia dawa za sukari au presha haachi dawa ila kwa neno la daktari. Akiishiwa, aseme, mfuko wa jamii upo.

4. Kila mwenye sukari ana mwenzake wa kumtazama miguu kila wiki. Pendekezo hili lilitoka kwa yule mwenzetu aliyepoteza vidole. Alisema kama siku zile mtu angemwambia, "Hebu vua kiatu nione," leo angekuwa na vidole kumi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wanachama, kwa miaka kumi tumejifunza kwamba sanduku halijazwi na mgeni mwenye maneno matamu. Linajazwa na hisa ndogo ndogo za kila wiki. Tumbo nalo ni hivyohivyo. Chakula chenu cha leo kimepikwa na sisi wenyewe: kiburu, maharage, mnafu na parachichi. Karibuni mle, na bakteria wenu nao mwape haki yao.

 Mungu akibariki kikundi chetu, atupe miaka kumi mingine, na atujalie tuifikie kwa miguu yetu. (Makofi)